Kutoka Sentensi hadi Mpigo: Namna Kidhibiti Mwendo cha Mashine Ndogo za Kuchonga Kinavyobuniwa

Utangulizi

Mashine za kukata chuma zinazoongozwa na namba badala ya mkono wa fundi zina umri wa zaidi ya miaka sabini. Chanzo chake chajulikana. John T. Parsons, mwenye karakana katika jimbo la Michigan huko Marekani, alitafuta njia ya kutengeneza kwa usahihi mapanga ya helikopta. Wazo lake la kuiongoza mashine kwa jedwali la namba likaendelezwa katika maabara ya chuo cha MIT, na mwaka 1952 mashine ya kwanza ya aina hiyo ikaonyeshwa hadharani. Kidhibiti chake kilijaza makabati mazima ya lampu za elektroni na rilei, nacho kilisoma amri kutoka katika ukanda uliotobolewa matundu. Leo kazi kama hiyo hufanywa na chipu moja inayoenea kiganjani, na wanaoitumia si wenye viwanda peke yao. Wanafunzi, maseremala, watengenezaji wa saa na watu wanaopenda tu kuunda vitu hujijengea nyumbani mashine ndogo za kuchonga mbao, plastiki na alumini.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi kidhibiti mwendo cha mashine hizo kinavyobuniwa. Kwa mfano tutachukua programu iitwayo Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svangaard Skogsrud wa Norway na kuendelezwa tangu mwaka 2011 na Sungeun Jeon wa Marekani. Tumeichagua kwa sababu mbili: matini yake yote iko wazi kwa yeyote atakaye kuisoma, tena ni ndogo kiasi kwamba mtu mmoja aweza kuielewa yote.

Msomaji aweza kuuliza habari hizi zinahusu nini jarida la Kiswahili. Jibu la kwanza ni kwamba kidhibiti mwendo, kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ni msomaji. Hupokea sentensi zenye sarufi, huzifasiri kwa kutegemea zilizotangulia, na huharibikiwa pale anapozisoma bila kujua kinachofuata. Haya ni mambo ya somo letu. Jibu la pili ni kwamba wanafunzi wetu wengi hushika dhana ya kuwa Kiswahili ni lugha ya soko, ibada na nyimbo, na kwamba mbele ya mashine sharti tuhamie Kifaransa. Dhana hiyo haing'olewi kwa hotuba. Hung'olewa kwa kulieleza jambo lenyewe mpaka lieleweke, au lishindikane mbele ya macho yetu.

Neno moja kuhusu istilahi. Fundi wa karakana za Katanga, ambako migodi imewalea mafundi wa vyuma tangu mwanzoni mwa karne ya 20, huiita mashine ya kukerezea kwa jina lake la Kifaransa, ilhali kitenzi kukereza na nomino kerezo vimo katika kamusi zetu za zamani, tena vyatokana na kazi ya mikono na si na kikao cha kamati. Kwa upande mwingine, tarakilishi na ngamizi yalipendekezwa na wataalamu, na kompyuta ikayashinda yote mawili midomoni mwa watu. Sisi tutatumia kompyuta bila kinyongo. Neno la fundi likiwapo tutalichukua. Lisipokuwapo tutakitaja kitu kwa kazi yake.

Sarufi ya amri

Lugha inayotumiwa na mashine hizi huitwa lugha ya G, kwa kuwa amri zake nyingi huanza kwa herufi hiyo. Iliwekewa kanuni na chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani, na toleo la mwisho la kanuni hizo, RS-274-D, lilikubaliwa mwaka 1980. Tuitazame sentensi moja:

G1 X30 Y12 F600

Maana yake: nenda kwa mstari ulionyooka mpaka nukta iliyo milimita 30 katika mhimili wa X na milimita 12 katika mhimili wa Y, kwa kasi ya milimita 600 kwa dakika. Kila neno lina herufi moja na namba moja. Mpangilio wa maneno ndani ya mstari hauathiri maana: ukiandika F600 mwanzoni au mwishoni, kasi huwekwa kwanza ndipo mwendo ufuate, kwa kuwa utaratibu wa utekelezaji umewekwa na kanuni wala si na nafasi ya neno.

Jambo la kuvutia zaidi ni kwamba amri nyingi hudumu. Baada ya sentensi ile, mwandishi aweza kuandika X50 peke yake, na kidhibiti kitaelewa: mwendo ulionyooka, kwa kasi ile ile, Y ibaki ilipo. Asemaye Kiswahili hapaswi kushangaa. Tunaposema "alikwenda mtoni, akateka maji, akarudi", kiambishi -ka- hakibebi wakati wake chenyewe. Hukopa wakati wa -li- iliyotangulia. Ukilikata simulizi ukaanzia "akateka", msikilizaji hajui ni lini wala ni nani. Hali hiyo hiyo huikumba mashine. Kuna amri G21 inayosema namba zote ni milimita, na G20 inayosema ni inchi. Mtu akiisahau hali iliyoachwa na programu iliyotangulia, X10 yaweza kufasiriwa kuwa milimita 254 badala ya 10, na kikataji kitavuka meza nzima kikitafuta nukta ambayo haipo juu yake. Vivyo hivyo G90 huhesabu nukta kutoka mahali pamoja pa asili, na G91 huhesabu kutoka pale mashine ilipo sasa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mbunifu si hesabu ya mwendo. Ni kuhifadhi orodha ya hali zinazodumu, na kuukataa mstari wowote unaozipinga kabla mota yoyote haijasogea. Grbl huusoma mstari mzima kwanza, huukagua, na ukiwa na kosa hurudisha jibu la kosa bila kutekeleza hata sehemu yake moja. Tunaona huo ni uamuzi wa busara kuliko ule wa kutekeleza nusu ya sentensi iliyo sahihi.

Kutoka milimita hadi hatua

Mashine nyingi za nyumbani huendeshwa na mota za hatua. Mota ya namna hii haizunguki mfululizo kama ya feni. Kila kiendeshi chake kinapopata mpigo mmoja wa umeme, hujongea pembe moja isiyobadilika, kisha hujishikilia hapo. Ile iliyozoeleka hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200, yaani nyuzi 1,8 kwa hatua, na viendeshi vya siku hizi huweza kuigawa tena kila hatua, tuseme mara 8, hivyo mzunguko mmoja ukahitaji mapigo 1600. Mota ikiwa imefungwa kwenye parafujo inayoisogeza meza milimita 8 kwa mzunguko, milimita moja ni mapigo 200. Namba hii moja, idadi ya mapigo kwa milimita, ndiyo daraja kati ya lugha ya mchoraji na lugha ya mota.

Sentensi yetu basi, ikianzia kwenye sifuri, yadai mapigo 6000 kwa mota ya X na 2400 kwa ile ya Y. Njia yenyewe ina urefu wa milimita 32,3 hivi, na kwa milimita 10 kwa sekunde itachukua sekunde 3,23. Mota ya X yapaswa kupata takriban mapigo 1860 kila sekunde, na ya Y takriban 740, na zote mbili zimalize pamoja. Zisipokwenda sambamba, mstari hautanyooka.

Hapa mbunifu hukutana na swali la zamani: wawili wanaotembea kwa mwendo tofauti watalinganishwaje bila kugawanya kila mara? Chipu inayobeba Grbl, ATmega328P, hufanya kazi kwa biti 8, haina kifaa cha kugawanya wala cha kukokotoa desimali, na kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2 tu. Jibu lilitolewa na Jack Bresenham, mfanyakazi wa IBM, mwaka 1962, alipokuwa akitafuta namna ya kuiongoza kalamu ya mashine ya kuchorea. Lilichapishwa mwaka 1965. Linahitaji kujumlisha, kutoa na kulinganisha tu.

Tulifuate kwa namba ndogo zenye uwiano ule ule, 10 kwa X na 4 kwa Y. X itapiga hatua kila zamu. Kwa ajili ya Y twaweka hesabu pembeni, tukianza na 5, yaani nusu ya 10. Kila zamu twaongeza 4. Hesabu ikizidi 10, Y hupiga hatua moja nasi twatoa 10. Zamu ya kwanza hesabu ni 9, Y hukaa. Ya pili ni 13: Y hupiga hatua, na hesabu hubaki 3. Ya tatu ni 7. Ya nne ni 11: hatua tena, hubaki 1. Ya tano ni 5, ya sita 9, ya saba 13: hatua. Ya nane ni 7, ya tisa 11: hatua. Ya kumi hesabu ni 5, pale pale ilipoanzia. Y imepiga hatua nne katika zamu za 2, 4, 7 na 9, zikiwa zimetawanywa kwa usawa unaowezekana, na hakuna salio lolote linalodondoka njiani. Kosa halirundikani hata mstari ukiwa na hatua milioni. Tungependa wanafunzi wa isimu walifanye zoezi hili kwa penseli. Halihitaji hisabati ya juu, na atakayelimaliza ameuona moyo wa kidhibiti mwendo.

Anayesoma na anayepiga

Mpaka hapa hatujasema lolote kuhusu saa. Mapigo 1860 kwa sekunde hayatoshi kuwa 1860. Yapaswa kuachana kwa nafasi sawa. Mpigo ukichelewa kidogo mota hutetemeka, ukichelewa sana hupoteza hatua. Hapo ndipo wengi wa miaka ya 1990 na 2000 waliposumbuka. Walitoa mapigo moja kwa moja kutoka kompyuta ya mezani, kupitia tundu la printa. Lakini kompyuta ya mezani ina mambo mengi ya kushughulikia: kipanya kimesogezwa, diski yataka kusomwa, picha ya kioo ibadilishwe. Kila mara huacha jambo moja na kushika jingine, na mfumo wa kawaida hauahidi kurudi kwa wakati. Walioendelea na njia hiyo walilazimika kuubadili mfumo wenyewe ili mapigo yapewe kipaumbele juu ya yote. Ndivyo ilivyofanya programu ya LinuxCNC, ambayo asili yake ni kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika miaka ya 1990. Njia hiyo ni imara na yaishi hata leo. Ila yadai kompyuta iliyochaguliwa kwa uangalifu, na matundu ya printa yamekwisha kutoweka katika kompyuta nyingi.

Grbl ilifuata njia nyingine: kuwatenganisha anayesoma na anayepiga. Kompyuta hubaki na kazi isiyo na haraka, yaani kuhifadhi faili na kutuma mistari. Chipu ndogo, isiyo na mfumo wowote wa uendeshaji wala jambo jingine la kushughulikia, hubaki na saa. Na ndani ya chipu yenyewe mgawanyo huo hurudiwa. Programu kuu husoma sentensi, huipima na kuiweka foleni, pasipo haraka. Juu yake kuna katizo: kila saa ya ndani inapofika, programu kuu husimamishwa popote ilipo, mpigo hutolewa, kisha programu kuu huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Yafanana na mpiga ngoma na msimulizi wanaokaa mkeka mmoja: msimulizi aweza kusita akitafuta neno, ngoma haiwezi.

Gharama ya mpangilio huu yaweza kuhesabiwa. Chipu hupiga saa yake mara milioni 16 kwa sekunde. Grbl hutoa mpaka mapigo 30000 kwa sekunde. Basi kati ya mpigo na mpigo kuna mizunguko ya saa 533 tu, na ndani yake lazima ziingie hesabu ya Bresenham kwa mihimili mitatu, utoaji wa mpigo, na masalio ya kumwachia msomaji afanye kazi yake. Ndiyo sababu hakuna hesabu nzito iruhusiwayo ndani ya katizo. Yote yanayoweza kutayarishwa mapema hutayarishwa mapema: mwendo hukatwa vipande vya takriban mia moja ya sekunde, na kila kipande hufika kwenye katizo kikiwa tayari na idadi ya mapigo yake na nafasi kati yao. Kwa mashine yetu ya mapigo 200 kwa milimita, kikomo hicho ni milimita 150 kwa sekunde. Mara nyingi mota huchoka kabla ya chipu.

Mazungumzo kati ya kompyuta na chipu ni mafupi kupita kiasi, na tunayasifu kwa ufupi huo. Kompyuta hutuma mstari. Chipu ikishaukubali hujibu "ok". Foleni ikijaa, chipu hainung'uniki wala haiombi. Hunyamaza tu, na jibu huja nafasi ipatikanapo. Ghala la kupokelea lina herufi 128. Mtumaji mvivu hungoja "ok" kila baada ya mstari mmoja. Mtumaji mwerevu huhesabu herufi alizotuma na zile zilizokwisha kujibiwa, akalijaza ghala bila kulifurisha.

Kusoma mbele

Tufike kwenye jambo gumu, ambalo ndilo hutofautisha kidhibiti kizuri na kibaya.

Hakuna kitu chenye uzito kinachoweza kutoka kwenye utulivu hadi milimita 50 kwa sekunde papo hapo. Meza ina uzito, mota ina nguvu yenye mpaka, tena nguvu hiyo hupungua kadiri inavyozunguka upesi. Mwendo lazima uongezwe polepole na upunguzwe polepole. Ongezeko hilo kwa sekunde ndilo wanafizikia wa Kiswahili huliita mchapuko. Tuchukue mchapuko wa milimita 100 kwa sekunde kwa kila sekunde. Umbali wa kusimama ni kasi kuzidishwa kwa yenyewe, kisha kugawanywa kwa mara mbili ya mchapuko: 2500 kwa 200, yaani milimita 12,5. Mashine iendayo kwa kasi hiyo lazima ianze kufunga breki milimita 12,5 kabla ya mwisho wa njia.

Sasa fikiri umbo la mviringo, jani kwa mfano, lililochongwa kwenye mlango. Programu za kuchora aghalabu hulikata jani hilo vipande vidogo vilivyonyooka, tuseme vya nusu milimita. Kidhibiti kinachosoma sentensi moja moja hakijui kama kipande hiki ndicho cha mwisho. Kwa usalama hulazimika kusimama mwishoni mwa kila kimoja. Katika nusu milimita, kuanzia sifuri na kuishia sifuri, kasi ya juu kabisa inayowezekana ni takriban milimita 7 kwa sekunde. Mwenye mashine aliomba 50, akapata 7 kwa kilele, na mtikisiko usiokoma. Mbao huungua kwa kuwa kikataji kinazunguka mahali pamoja muda mrefu mno, na sura ya kazi huwa na makovu. Wengi huilaumu mota, au parafujo. Kosa ni la usomaji.

Asomaye utenzi mbele ya watu hatazami neno analolitamka tu. Jicho lake limekwisha kutangulia mpaka kituo, ndipo ajue pumzi aipime vipi. Grbl hufanya hivyo kwa foleni ya sentensi 16. Kila sentensi mpya inapoingia, kidhibiti hudhani kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, hivyo mwisho wake ni kusimama. Kisha hurudi nyuma, kutoka sentensi ya mwisho kuelekea ya kwanza, kikiuliza kwa kila kiungo: niingie hapa kwa kasi gani kubwa kabisa, ili bado niweze kupunguza kwa wakati? Baadaye hupita tena kwenda mbele, kikihakikisha kwamba kasi hizo zafikika kwa mchapuko uliopo. Maana ya mwanzo yapatikana kutokea mwisho.

Kwa vipande 16 vya nusu milimita, kidhibiti huona milimita 8 mbele, na kasi inayoruhusiwa hupanda hadi 40. Ni zaidi ya mara tano ya ile 7, lakini bado si 50, kwa sababu umbali wa kusimama ni 12,5 nacho huona 8 tu. Hapa mwenye mashine ana la kufanya upande wake: aiagize programu ya kuchora itoe vipande virefu zaidi, au itumie amri za tao, G2 na G3, ambazo chipu yenyewe huzikata. Kuongeza kasi katika F hakutasaidia chochote. Tumeona watu wakiiongeza F mara nne na kustaajabu kwamba kazi inachukua dakika zile zile.

Limebaki swali la pembe. Vipande viwili vinapokutana vikiwa karibu kunyooka, hakuna haja ya kupunguza mwendo. Vikikutana kwa pembe ya mraba, kila mota hubadili kasi ghafula. Grbl hulitatua hivi: huwaza tao dogo linalopita karibu na pembe bila kuiacha kwa zaidi ya kiasi fulani, kwa kawaida mia moja ya milimita, kisha hujiuliza ni kasi gani ingelizunguka tao hilo bila kuuvuka mchapuko. Tao halichongwi kamwe; ni la kuwazia tu, na njia hubaki ile ile iliyoandikwa. Kwa mchapuko wetu, pembe ya mraba huruhusu milimita 1,6 hivi kwa sekunde, yaani karibu kusimama. Mpindo wa nyuzi 5 tu huruhusu takriban 32. Kwa kanuni moja, bila orodha ya vighairi, kidhibiti hujua pa kukaza mwendo na pa kunyenyekea. Katika programu yote ya Grbl hatukupata sehemu iliyotufurahisha kuliko hii.

Kisichoonekana

Kidhibiti tulichokieleza hakioni. Hutoa mapigo na kuamini kwamba mota imetii. Mashine za viwandani huwa na vipimio vinavyorudisha habari ya mahali meza ilipo hasa. Mashine nyingi za nyumbani hazina. Kikataji kikikwama kwenye fundo la mbao, mota huteleza, na huteleza kwa mafungu ya hatua nne kamili: kwa parafujo yetu ni milimita 0,16 kwa kila fungu. Kidhibiti hakitajua. Kitaendelea kuandika kwenye kioo nukta zilizo sahihi kabisa za mahali ambapo mashine haipo, na kila kitakachochongwa baada ya hapo kitakuwa kimehama. Kwa sababu hiyo mchapuko na kasi ya juu huwekwa chini ya uwezo wa mota, wala si sawa nao, na majaribio hufanywa mashine ikiwa inakata, si ikielea hewani.

Kutoona huko ndiko huamua pia habari ya usalama. Swichi za kikomo, ambazo huizuia meza kugonga mwisho wa reli, yafaa ziwe za aina iliyofungwa wakati wa amani na kufunguka zinapoguswa. Waya ukikatika, kidhibiti kitadhani swichi imeguswa na kitasimama. Kwa aina iliyo kinyume, waya uliokatika hauonekani mpaka siku ya ajali. Kitufe chekundu cha dharura nacho kisiwe ombi linalopelekwa kwa programu. Kikate chenyewe umeme wa mota na wa kichwa kinachozungusha kikataji, kwa maana huenda ni programu hiyo iliyopotoka. Lakini mbunifu akumbuke mhimili wa Z: umeme ukikatwa, mota haijishikilii tena, na kichwa kizito chaweza kushuka kwa uzito wake juu ya kazi, au juu ya mkono. Parafujo yenye mlalo mdogo huzuia hilo. Ile ya milimita 8 kwa mzunguko haina uhakika, na uzani wa kusawazisha au breki huhitajika.

Kwa sisi wa Lubumbashi, ambao umeme hutukatikia bila kubisha hodi, kuna la ziada. Umeme unapokatika kidhibiti husahau mahali kilipo. Mashine yenye swichi za kikomo huweza kurudi kwenye pembe yake ya asili na kuhesabu upya, na asili ya kazi, ile ihifadhiwayo chini ya G54, hubaki katika kumbukumbu isiyofutika. Kwa hiyo kazi ya saa tatu si lazima itupwe, mradi kipande cha mbao hakijafunguliwa kwenye meza. Ila usianze tu kwenye mstari ulipokatikia, kwa kuwa mstari huo wategemea hali zilizotajwa mamia ya mistari nyuma. Baadhi ya programu za kutuma amri huziandika upya hali hizo zenyewe. Nyingine haziandiki, na hapo mwenye mashine huziandika kwa mkono kabla ya mstari wa kuanzia: G21, G90, G54, kasi ya F, amri ya kukiwasha kichwa, kisha Z juu kabisa ya kazi, ndipo X na Y, na Z ishuke mwisho.